Pima Kwanza, Laumu Baadaye: Umeme wa Betri kwa Swichi ya Mtandao

(Mazungumzo yaliyotolewa katika semina ya siku moja kwa wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia. Tumeyaandika karibu vile yalivyosemwa.)



Leo tunazungumza juu ya kisanduku kidogo kinachoitwa swichi. Mama mmoja ametuuliza pale mlangoni kama tumekuja kuwafundisha kuwasha taa. Hapana, mama. Swichi ya taa hukata umeme na kuuunga. Swichi ya mtandao ni kama njia panda. Habari huingia kwa waya mmoja kutoka kwenye antena, kisha hugawanywa kwa nyaya nyingine mpaka shuleni, zahanati na ofisi ya ushirika. Njia panda ikifungwa, wote wanaopitia hapo wamefungiwa.

Na mara nyingi hufungwa kwa sababu ya umeme. Si kukosa umeme tu. Umeme ukipungua ni shida, ukizidi ni shida, ukikatika na kurudi kila saa ni shida pia. Sisi wenyewe hatukulijua hilo mpaka lilipotugharimu.

YALIYOTUPATA KILIMANI

Kuna kikundi kimoja tunachofanya kazi nacho. Kilichanga pesa, kikavuta mtandao kutoka sokoni, ambako stima ipo, mpaka juu ya kilima, na kutoka kilimani mpaka shule ya msingi na zahanati. Kilimani hakuna stima. Kwa hiyo waliweka paneli ya sola, betri moja, antena mbili na swichi.

Swichi ilikuja na adapta yake ya kuchomeka ukutani. Basi wakanunua inveta, ile ya kugeuza umeme wa betri uwe kama stima ya nyumbani, wakachomeka adapta hapo. Mtandao ulikwenda vizuri mchana. Usiku wa manane inveta ililia, ikazima. Kila usiku hivyo hivyo.

Wakatuuliza sisi. Tulitazama betri, imeandikwa volti 12. Tukatazama swichi na antena, zimeandikwa volti 12. Tukasema, ondoeni inveta, ungeni moja kwa moja, kuna ubaya gani? Kijana fundi wa kikundi akaunga kama tulivyosema. Ushauri huo ulikuwa wetu, wala si wa kijana yule. Tunalisema wazi leo kwa sababu wakati ule hatukulisema kwa sauti ya kutosha.

Kwa wiki chache mambo yalikuwa mazuri. Halafu mtandao ukaanza kukatika alfajiri. Unazima, unawaka, unazima tena. Kule zahanati muuguzi alikuwa akifungua saa mbili na kukuta hakuna kitu. Mnajua tangu Oktoba 2024, NHIF ilipoondoka na SHA kuingia, zahanati huthibitisha wagonjwa na kudai malipo kwa mtandao. Mtandao usipokuwapo, mgonjwa anakaa kwenye benchi akingoja, na asiyeweza kungoja anarudi nyumbani. Halafu siku moja, jua la saa sita likiwaka vizuri kabisa, swichi ikafa. Haikuwaka tena.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Wengine walisema kijana fundi aliunga vibaya makusudi ili apewe kazi ya kutengeneza. Wengine walisema mzee anayelinda kilima anachajia majirani simu usiku kwa pesa, ndiyo maana betri inaisha. Mzee hakujibu. Alikuja kwenye mkutano, akaweka funguo mezani, akaenda zake. Kijana naye aliondoka kwenda mjini kutafuta kazi.

Aliyetutoa gizani ni mama mwekahazina. Hakusomea umeme, lakini anajua daftari. Alisema kwamba pesa ikipotea huwa anahesabu kabla ya kuuliza nani ameiba, basi na umeme uhesabiwe. Tukaazima mita ya fundi. Kwa siku saba alipima mara tatu kwa siku: alfajiri, saa sita mchana na jioni. Alipima kwenye betri, halafu akapima mwisho wa waya, pale swichi inapoungwa.

Daftari lilisema hivi. Alfajiri betri ilikuwa volti 11.3, lakini kwenye swichi zilifika 10.6 tu. Saa sita betri ilikuwa 14.6, na kwenye swichi 14.0. Hakukuwa na simu hata moja iliyochajiwa pale siku hizo saba, na bado betri ilishuka vile vile.

Kumbe hakukuwa na mwizi.

BETRI YA 12 SI 12

Hili ndilo somo la kwanza. Neno "12" kwenye betri ni kama jina tu. Betri ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma kama volti 12.7. Ikifika nusu husoma kama 12.1 au 12.2. Ikiwa inachajiwa na sola hupanda mpaka 14.4 na zaidi. Ikikamuliwa usiku kucha hushuka chini ya 11.5. Kwa hiyo betri hiyo hiyo moja hupanda na kushuka volti tatu na zaidi kati ya asubuhi na mchana.

Swichi nayo? Nyingi zilizoandikwa volti 12 zilitengenezwa zikae na adapta yake, inayotoa 12 bila kuyumba. Zikipata 10.6 zinazima na kuwaka. Zikipata 14 siku baada ya siku zinaunguzwa polepole kwa ndani, mpaka siku moja zinakufa. Zipo swichi zilizotengenezwa kuvumilia, zimeandikwa kwa mfano volti 9 hadi 30. Hizo unaweza kuziunga na betri bila wasiwasi. Soma maandishi yaliyo nyuma ya kifaa kabla ya kununua. Ikiwa imeandikwa namba moja peke yake, chukulia kwamba inataka namba hiyo.

KWA NINI SI INVETA?

Mtu atasema, basi turudishe inveta na adapta. Hebu tuhesabu. Tuchukue swichi ya wati 6 na antena mbili za wati 7 kila moja. Jumla ni wati 20.

Kwa njia ya inveta, adapta hupoteza kiasi zinapogeuza umeme, kwa hiyo zile wati 20 zinadai kama 25 kutoka kwa inveta. Inveta yenyewe nayo inakula. Ikiwa yako inakula wati 10 kwa kuwashwa tu, jumla ni wati 35. Zidisha kwa saa 24, unapata wati-saa 840 kila siku.

Kwa njia ya betri moja kwa moja kupitia kifaa kinachoitwa konvata, kinachopoteza kama sehemu moja kwa kumi, unahitaji wati 22 hivi. Zidisha kwa 24, ni wati-saa 528. Tofauti ni zaidi ya wati-saa 300 kila siku, umeme unaogeuzwa kuwa stima na kurudishwa tena kuwa umeme wa betri bila faida yoyote. Ni kama kupeleka maziwa Nairobi halafu kuyarudisha kijijini kuyanywa.

Wazee waliofanya kazi na posta na simu wanajua jambo hili. Steshoni za simu za zamani zilikuwa na chumba cha betri, na simu zote zilitumia umeme wa betri, volti 48 hivi. Stima ya ukutani kazi yake ilikuwa kuchaji zile betri. Ndiyo maana stima ilipopotea simu iliendelea kulia. Minara ya simu za mkononi mpaka leo hutumia betri za volti 48. Wenye kazi hiyo hawapitii inveta. Na sisi tujifunze kwao.

KONVATA NI NINI?

Konvata ni kisanduku kidogo kinachokaa kati ya betri na swichi. Upande mmoja kinapokea umeme unaoyumba, upande wa pili kinatoa volti 12 zilizotulia. Lakini angalieni sana mnaponunua. Kuna aina inayoweza kushusha tu. Hiyo, betri ikiwa 14 itakupa 12, lakini betri ikiwa 11 haina la kufanya. Itakupa 11 au chini yake. Mnayotaka ni ile inayoshusha na kupandisha. Kwenye lebo yake mtaona upande wa kuingia umeandikwa kwa mfano volti 9 hadi 36, na upande wa kutoka volti 12. Ampea za kutoka ziwe zaidi ya mahitaji yenu. Wati 20 kwa volti 12 ni kama ampea 1.7, basi tafuteni konvata ya ampea 3. Kifaa kinachofanya kazi bila kuchoshwa hudumu.

Kiwekwe wapi? Karibu na swichi, sio karibu na betri. Sababu inafuata.

WAYA PIA UNAKULA

Mnakumbuka betri ilisoma 11.3 na swichi ikapata 10.6? Zile volti 0.7 zilikwenda wapi? Zililiwa njiani. Kutoka kwenye betri mpaka kwenye swichi palikuwa mita 15. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu mita 30. Walitumia waya mwembamba wa milimita mraba 1.5. Kwa ampea 1.7 waya huo peke yake unakula kama volti 0.6. Zilizobaki zililiwa na viungo vilivyosokotwa kwa mkono.

Wangetumia waya wa milimita mraba 4, ungekula kama robo tu ya volti moja. Kwa stima ya nyumbani ya volti 240, kupoteza nusu volti si kitu. Kwa betri ya 12 ni mali. Kwa hiyo tuwe na mazoea haya: betri iwe karibu na vifaa, waya uwe mnene, viungo vikazwe kwa skrubu au vibanwe kwa koleo lake, na konvata ikae mwisho wa safari ili irekebishe kilichopotea njiani.

UKUBWA WA BETRI NA PANELI

Chukueni kalamu, kila kikundi kifanye hesabu yake.

Kwanza, matumizi. Sisi tulipata wati-saa 528 kwa siku.

Pili, siku zisizo na jua. Upande wetu wa milimani, Juni mpaka Agosti mawingu hukaa. Tuweke akiba ya siku mbili: 1,056.

Tatu, betri ya asidi isitumiwe zaidi ya nusu, la sivyo inazeeka haraka. Zidisha mara mbili: 2,112. Gawanya kwa volti 12, unapata kama ampea-saa 176. Betri mbili za 100 zinatosha. Ziwe za aina moja na zinunuliwe siku moja. Mkiunga betri mpya na nzee, nzee inaivuta mpya kaburini. Na ziwe betri za sola. Betri ya gari ilitengenezwa kupiga stata kwa nguvu kwa muda mfupi tu, haikutengenezwa kukamuliwa usiku kucha.

Nne, paneli. Si umeme wote unaotoka kwenye paneli unafika kwenye betri na kurudi, kwa hiyo gawanya 528 kwa 0.7. Unapata kama 754. Gawanya kwa saa nne za jua zuri, tukikumbuka miezi ya mawingu. Ni wati 189. Nunueni ya 200. Kile kikundi cha kilimani kilikuwa na paneli ya 100 na betri moja ya 100. Hata mlinzi angekuwa malaika, umeme haungetosha.

Wengine mnauliza juu ya betri za lithiamu. Ni nzuri, unaweza kutumia sehemu kubwa zaidi ya uwezo wake na haziongezwi maji. Lakini bei ya kuanzia ni kubwa, na kontrola ya sola lazima ipangwe kwa aina hiyo ya betri. Msibadilishe betri bila kubadilisha mpango wa kontrola.

ULINZI

Fyuzi. Weka fyuzi ya DC kwenye waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Kwa mzigo wa ampea mbili, fyuzi ya ampea 5 inafaa. Betri ikigusanishwa chanya na hasi inaweza kuyeyusha waya na kuchoma kibanda.

Kikata umeme. Kontrola nyingi zina sehemu ya kuunga mzigo inayokata betri ikishuka sana, kwa mfano 11.5, na kurudisha ikipanda mpaka 12.6 hivi. Itumieni. Ni afadhali mtandao uzime saa chache kuliko betri ife. Na kwa sababu kuna nafasi kati ya kukata na kurudisha, swichi haitazima na kuwaka kila dakika.

Chanya na hasi. Ukigeuza nyaya mara moja tu, kifaa kinaweza kufa papo hapo. Wekeni alama: nyekundu chanya, nyeusi hasi. Pima kwa mita kabla ya kuchomeka.

Umeme unaopanda kwa waya wa mtandao. Antena nyingi hupata umeme kupitia waya ule ule wa habari. Kuna utaratibu wa kawaida, uliowekwa mwaka 2003, ambapo swichi huuliza kwanza kama kifaa kinataka umeme, ndipo inatuma volti 48 hivi. Kuna aina nyingine isiyouliza, ya volti 24 au 48, inatuma tu. Ukichomeka kifaa kisichostahili kwenye aina hiyo, unaweza kukiua. Andikeni volti kwenye kila waya kwa kalamu isiyofutika.

Radi. Wenzetu wa Kisii na Kakamega hawahitaji kuambiwa. Mlingoti na sanduku la chuma viungwe pamoja kwa waya mnene mpaka kwenye fimbo moja iliyopigwa ardhini, na kwenye waya wa antena pawe na kizuia radi. Hakuna kinachozuia radi ikipiga moja kwa moja, lakini nyingi zinazoua swichi hupiga jirani.

Sanduku. Betri ya asidi hutoa hewa inayoweza kulipuka na mvuke unaokula chuma. Iwe na sanduku lake lenye matundu ya hewa, mbali na moto, na swichi iwe na sanduku jingine. Ongezeni maji ya betri peke yake, sio ya mto wala ya kisima. Zibeni tundu za nyaya, maana mijusi na mchwa wanapenda pale penye joto.

DAFTARI NA MFUKO WA BETRI

Vifaa hivi havifanyi kazi bila watu. Chagueni watu wawili wa kupima, mmoja akiugua mwingine aende. Mara moja kwa wiki, alfajiri kabla jua halijapiga paneli, waandike volti za betri na volti za mwisho wa waya. Namba za alfajiri zikianza kushuka wiki baada ya wiki, betri inazeeka au paneli ina vumbi. Mtajua mapema kabla ya zahanati kujua.

Na pawe na mfuko wa betri. Betri ya asidi iliyotunzwa hudumu miaka mitatu hadi mitano. Chukueni bei ya betri leo, mgawanye kwa miezi 36, muweke kiasi hicho kila mwezi kando na pesa nyingine. Siku betri itakapokufa, na itakufa, msiitishe harambee ya dharura.

TULIFIKA WAPI?

Kikundi cha kilimani kiliongeza betri na paneli, kikabadilisha waya, kikaweka konvata na fyuzi. Tangu hapo swichi mpya inakaa na volti zake 12, usiku na mchana. Wazee wa kikundi walikwenda kwa yule mlinzi na sukari na majani ya chai, wakaomba radhi mbele ya mkewe na watoto. Sisi tulikuwa pamoja nao, maana kosa la kwanza lilikuwa letu. Mzee alipokea, akachukua funguo.

Kijana fundi tulimpigia simu tukamweleza. Alitusikiliza vizuri, akashukuru. Lakini hajarudi. Kikundi sasa kinamlipa fundi kutoka mjini kwa kila safari, na kila anapokuja tunakumbuka kwamba tulikuwa na wetu.

Waya umekwisha tengenezwa. Maneno yaliyotoka kinywani hayana fyuzi. Kwa hiyo mtandao ukizima kwenu, tafadhalini, mita itangulie ulimi.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Nyuma ya swichi, ruta na antena zetu pameandikwa volti ngapi na wati ngapi? Ni nani ataziandika kwenye daftari?

2. Kutoka kwenye betri mpaka kwenye vifaa ni mita ngapi, na waya ni wa unene gani?

3. Betri yetu inasoma volti ngapi alfajiri? Na mwisho wa waya?

4. Tukiweka akiba kila mwezi kwa ajili ya betri, itakuwa shilingi ngapi kwa kila mwanachama?

5. Je, kuna mtu katika kikundi chetu tuliyemlaumu kwa kitu kilichoharibika kabla ya kupima? Tutakwenda kwake lini?